Datsun 240Z au Audi TT: namna ya kuchagua kati ya magari mawili madogo ya michezo

Datsun 240Z na Audi TT ya toleo la kwanza zinakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Zote zina urefu wa mita nne na kidogo, milango miwili, buti inayofunguka pamoja na kioo cha nyuma, na umbo ambalo hata asiyejua magari hugeuka kulitazama. Moja ilitoka Japani mwaka 1969, nyingine Ujerumani mwaka 1998. Leo zote ni magari ya kununuliwa kwa mapenzi, na mtu akishaweka akiba ya kutosha kununua gari la pili, la kuendesha wikiendi, swali hili humjia: nichukue lipi?

Wengi hulijibu kwa kuangalia nguvu za injini na kasi. Ninakushauri uanzie kwingine. Jiulize kila gari linamdai nini mwenye nalo. 240Z inadai mtu wa kuhangaika na chuma, kutu na kabureta. TT inadai mtu wa kufuata ratiba ya sevisi bila kukosa na kushughulikia umeme. Ukishajua ni deni lipi unaloweza kulilipa mwaka baada ya mwaka, uamuzi unakuwa mwepesi. Hatua zifuatazo zitakufikisha hapo.

Hatua ya 1: Jua kila gari lilitengenezwa kwa ajili ya nani

240Z ililengwa Marekani. Yutaka Katayama, aliyekuwa akiongoza biashara ya Nissan huko, aliamini Mmarekani wa kawaida angenunua gari la michezo la Kijapani kama lingekuwa zuri, imara na la bei anayoimudu. Japani, Yoshihiko Matsuo akaongoza kazi ya kulichora. Lilipofika sokoni Marekani liliuzwa kwa dola 3,526, bei iliyokuwa chini sana ya Jaguar E-Type au Porsche 911. Kwao Japani liliitwa Fairlady Z, na mengi yalifungwa injini ya lita 2, kwa sababu kodi ilipanda injini ikizidi kiwango hicho. Injini kubwa ya sentimita za ujazo 2,393, silinda sita kwenye mstari mmoja na kabureta mbili, ndiyo iliyolipa gari jina la 240.

TT ilianza kama gari la maonyesho, lililooneshwa Frankfurt mwaka 1995. Freeman Thomas, J Mays na Peter Schreyer ni miongoni mwa waliolibuni, na watu walilipenda kiasi kwamba Audi ililitoa kiwandani mwaka 1998 karibu vilevile lilivyooneshwa. Bodi zilipakwa rangi Ingolstadt, Ujerumani, kisha zikapelekwa Győr, Hungaria, kuunganishwa. Chini ya umbo lile kuna msingi uleule wa Volkswagen Golf ya kizazi cha nne: injini imelala kwa upana mbele, na nguvu huenda kwenye magurudumu ya mbele au kwenye yote manne. Injini ya kawaida ni ya lita 1.8 yenye turbo na valvu tano kwa kila silinda, kwa nguvu za farasi 180 au 225. Mwaka 2003 ikaongezwa ya silinda sita, lita 3.2, yenye farasi 250.

Jambo la kushika hapa ni kwamba 240Z ni gari la michezo kuanzia msingi wake, lenye injini ndefu mbele na nguvu nyuma. TT ni gari la kawaida lililobuniwa upya kwa ustadi mkubwa. Hilo halilishushi hadhi. Maana yake ni kwamba spea nyingi za injini, breki na miguu ya TT ni ndugu wa zile za Golf na Audi A3, na fundi anayezijua gari hizo atalijua na hili.

Hatua ya 2: Soma takwimu kwa uangalifu

Utakuta imeandikwa kwamba 240Z ina farasi 151. Usiiweke namba hiyo kando ya 180 ya TT ukadhani tofauti ni ndogo. Wakati ule Wamarekani walipima injini ikiwa imetolewa kwenye gari, bila mzigo wa vifaa vinavyoizungukia. Kwa kipimo cha Ulaya injini hiyohiyo ilikuwa na farasi wapatao 130.

Sasa tazama uzito. 240Z ina kilo 1,050 hivi. TT ya farasi 180 inayovuta kwa mbele ina takriban kilo 1,200, na ile ya farasi 225 ya magurudumu manne inakaribia 1,400. Kwa saa, TT inashinda bila ubishi: ya farasi 225 hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 6.4, wakati 240Z huchukua sekunde nane hivi. Lakini wepesi wa 240Z unausikia kwenye kila kona, na injini yake hujibu mguu papo hapo. TT husubiri kidogo turbo ijae, kisha husukuma kwa nguvu moja iliyotulia kuanzia mizunguko kama 2,000 kwa dakika.

Kwa hiyo, kama furaha yako ni kuovateki bila wasiwasi kwenye barabara kuu, TT ndiyo. Kama furaha yako ni kusikia gari linafanya nini chini yako hata ukiwa kilomita 70 kwa saa, 240Z ina mengi zaidi ya kukupa.

Hatua ya 3: Ukikagua 240Z, anzia chini

Injini ya 240Z ni ngumu. Inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, na ikimwagwa oili kwa wakati huishi muda mrefu sana. Kwa hiyo usimruhusu muuzaji akupeleke kwenye boneti kwanza. Adui wa gari hili ni kutu, na kutu huanzia usipopaona.

Nenda na jeki, stendi imara, tochi, bisibisi na sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa laini. Kisha ufuate mpangilio huu:

1. Inua kapeti. Chini yake kiwandani walibandika mikeka ya lami ya kuzuia kelele. Mikeka hiyo hushika maji, na bati huoza chini yake huku juu pakionekana pazima. Bonyeza kwa kidole gumba, pakibonyea, pameoza.
2. Ingia uvunguni. Tafuta mihimili miwili inayopita chini ya sakafu kutoka mbele kwenda nyuma. Bati lake ni jembamba. Igonge kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya mfu.
3. Tazama sahani ya betri na muhimili ulio chini yake. Tindikali iliyomwagika kwa miaka mingi hula pale kabla ya pengine popote.
4. Pitisha sumaku kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, kwenye kona ya chini nyuma ya mlango, na kwenye mdomo wa buti. Inaposhindwa kushika, ujue umekutana na puti.
5. Fungua buti, toa tairi la akiba na uangalie shimo lake. Maji yakiwa yanatuama humo, mpira wa buti umekwisha.

Kisha soma namba. Gari la usukani wa kulia lililouzwa nje ya Japani huanza na HS30, na la usukani wa kushoto, kama yale ya Marekani, huanza na HLS30. Namba iliyogongwa kwenye ukuta kati ya injini na abiria ilingane na ya kibati, na zote zilingane na kadi ya gari. Zisipolingana, funga mkoba wako uondoke. Magari haya yamepanda thamani, na gari likishapanda thamani huwa kuna wanaounganisha vipande vya magari mawili wakauza kama moja.

Baada ya hapo ndipo ufungue boneti. Kabureta mbili lazima zivute hewa sawasawa, na kuna njia ya zamani ya kulijua hilo ambayo bado haijapitwa. Fundi huchukua kipande cha mpira mwembamba, huweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, gari likiwa linaunguruma taratibu. Anasikiliza mvumo wa hewa, kisha anahamia ya pili. Mvumo ukiwa mkali upande mmoja, anazungusha skrubu nusu ya mzunguko, anasikiliza tena, hadi masikio yamwambie kwamba zote zinavuma sauti moja. Mwombe muuzaji akuoneshe nani humfanyia kazi hiyo. Kama hana jibu, huenda gari limekuwa likiendeshwa na kabureta zisizopatana, na utaliona hilo kwenye plagi nyeusi zenye masizi na harufu ya petroli.

Hatua ya 4: Ukikagua TT, anzia kwenye karatasi

Kwa TT mambo ni kinyume. Bodi yake ilipakwa zinki kiwandani, kwa hiyo gari ambalo halijapata ajali mara nyingi huwa halina kutu ya kutisha. Ukiona kutu kubwa, uliza kuhusu ajali. Hapa kinachouzwa hasa ni historia ya matengenezo, kwa hiyo kaa chini na uombe risiti.

Cha kwanza kutafuta ni mkanda wa taimingi. Ukikatika kwenye injini ya 1.8, valvu hugongana na pistoni na injini huwa imekufa. Mafundi wazoefu hawangoji kikomo cha kitabu. Huubadilisha gari likikaribia kilomita 100,000 au miaka mitano, pamoja na kikaza mkanda na pampu ya maji, kwa sababu pampu za zamani zilikuwa na pangaboi la plastiki linalopasuka. Muuzaji akikuambia umebadilishwa na hana risiti, uhesabu kwamba haujabadilishwa, na utoe gharama hiyo kwenye bei.

Cha pili ni oili. Injini yenye turbo huchemsha oili sana. Gari lililomwagwa oili kila kilomita 8,000 hadi 10,000 lina maisha marefu kuliko lililosubirishwa mara mbili ya hapo.

Cha tatu, kama ni gari la magurudumu manne, uliza kuhusu kifaa kiitwacho Haldex kinachopeleka nguvu nyuma. Kina oili yake na chujio lake, na wengi husahau kwamba vipo. Kikishakufa, unabaki na gari la kuvuta mbele lenye uzito wa magurudumu manne.

Baada ya karatasi, washa. Tazama kibao cha mishale mbele ya dereva kwa dakika kadhaa bila kusema neno. Huo ndio udhaifu maarufu wa gari hili. Mshale wa mafuta husema tangi limejaa wakati lina lita tano. Mshale wa joto hupanda na kushuka bila sababu. Maandishi mekundu katikati hupoteza mistari hadi usiweze kuyasoma. Fundi wa umeme anaweza kukitengeneza kibao, lakini lazima gharama iwe upande wa muuzaji. Kisha liunganishwe kwenye mashine ya kusoma hitilafu, na usome orodha yote wewe mwenyewe. Koili za plagi na kipimo cha hewa inayoingia kwenye injini hujitokeza mara kwa mara, na ni spea zinazopatikana. Hitilafu zinazojirudia mara tu baada ya kufutwa ndizo za kuogopa.

Mwisho ingia uvunguni. Angalia bushi za mikono ya mbele, na springi za nyuma, ambazo hukatika kipande cha chini bila dereva kujua.

Kwa magari ya mwanzo kuna jambo moja la usalama. Baada ya ajali mbaya kwenye barabara kuu za Ujerumani, magari yakibadili njia au kukunja kwa kasi kubwa mno, Audi iliyaita magari yaliyokwisha kuuzwa. Ikayawekea bawa dogo nyuma, ikarekebisha miguu, na ikaongeza mfumo wa umeme wa kuzuia gari lisiserereke. Ukikuta TT ya 1998 au 1999 yenye mgongo mtupu, usiuone kuwa ni uzuri wa asili. Hakikisha kwa maandishi kazi hiyo ilifanywa.

Hatua ya 5: Endesha yote mawili kwenye barabara moja

Chagua barabara yenye lami nzuri, kipande chenye mashimo, kona chache na mlima. Zima redio.

Kwenye 240Z, usukani ni mzito ukiegesha na hulainika ukishika mwendo. Breki za mbele ni diski, za nyuma ni dramu, na hakuna kompyuta ya kuzuia magurudumu kujifunga, kwa hiyo jizoeze kukanyaga mapema. Funga vioo, endesha kwa dakika kumi na unuse. Harufu ya moshi ndani ya gari maana yake mpira wa buti umechoka na gesi ya bomba inavutwa kurudi ndani. Hilo hudhuru afya, tena hurekebishwa kwa bei ndogo. Kisha lizime likiwa la moto, usubiri robo saa, uliwashe tena. Kwenye joto kali petroli huchemka ndani ya kabureta na gari hugoma. Anayeishi Mombasa, Muscat au Dar es Salaam asiruke jaribio hili.

Kwenye TT, sikiliza mlio wa kugonga mbele ukipita kwenye shimo. Hizo ni bushi au vikalio vya shokapu. Panda mlima kwa gia ya tatu ukikanyaga taratibu. Nguvu zipande bila kukatika. Zikikatika, turbo inavuja hewa kwenye mpira fulani au koili imechoka. Keti pia kwenye kiti cha nyuma. 240Z haina kiti cha nyuma, na vile vya TT vinafaa watoto wadogo au mizigo. Mwenye familia alijue hilo kabla ya kulipa.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya miaka mitano

Bei ya kununua hudanganya. TT ya toleo la kwanza ni rahisi leo, na hapo ndipo watu huumia: hununua gari la bei ndogo, kisha mkanda, Haldex, kibao na miguu vikadai kwa pamoja zaidi ya bei waliyonunulia. Wakishindwa, gari linakaa juu ya mawe.

240Z nzuri ni ghali, lakini soko lake ni la wapenzi na thamani yake haijatupwa na miaka. Vipande vya bodi, sakafu na mihimili vinatengenezwa upya na wauzaji wa vifaa vya magari ya zamani. Gharama inayovunja watu ni kazi ya kuchomelea bati lililooza, kwa kuwa fundi mzuri wa bodi hulipwa kwa saa na kutu huwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Ndiyo maana ni afadhali kununua 240Z yenye bodi nzima na injini mbovu kuliko yenye injini nzuri na bodi iliyooza. Injini hushushwa ikatengenezwa. Sakafu iliyooza hukufuata miaka.

Weka pia petroli kwenye hesabu. TT ya farasi 225 inataka petroli ya oktani 98 ili itoe nguvu zake zote. 240Z haichagui hivyo, ila petroli iliyochanganywa ethanoli hula mipira ya zamani, kwa hiyo badilisha mipira yote ya mafuta siku ya kwanza.

Hatua ya 7: Zingatia unapoishi

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na Uganda imeweka miaka 15. Kwa magari yote mawili, basi, huko utafute yaliyokwisha kuingia, na ukague kadi kwa makini zaidi. Walioko Uingereza, Ujerumani au Marekani wana soko pana, na vilabu vya wenye magari haya ambavyo wanachama wake watakutajia fundi wa kuaminika.

Afrika Mashariki ina historia yake na 240Z. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda mwaka 1973, juu ya vumbi, matope na mawe. Mnunuzi aisome historia hiyo vizuri. Inathibitisha kwamba injini, gia na miguu ya gari hili ni ya kuaminika. Haithibitishi kwamba gari ulilooneshwa halina kutu, maana magari ya mashindano yaliimarishwa na kuhudumiwa na mafundi njiani. Kwa barabara ya vumbi ya kila siku, hakuna kati ya haya mawili linalokufaa. Yote yako chini sana.

Uamuzi

Chukua 240Z kama una gereji iliyoezekwa, fundi wa bodi unayemwamini, subira ya kungoja spea, na hamu ya kushika bisibisi mwenyewe. Iwe gari lako la pili, na ununue bodi kwanza, mengine baadaye.

Chukua TT kama unataka kuliendesha mara kwa mara, kwenye mvua na usiku, ukiwa na breki na usalama wa miaka ya karibuni. Nunua yenye risiti nyingi kuliko yenye rangi nzuri, na baki na akiba ya angalau theluthi ya bei kwa mwaka wa kwanza. Ya farasi 180 inayovuta mbele ni nyepesi na haina Haldex ya kukusumbua, na kwa anayeanza ndiyo ninayoipendekeza.

Kama huna gereji, huna fundi na huna akiba, usinunue lolote mwaka huu. Tafuta kwanza fundi, ujifunze kwake kwa kutazama magari ya wengine yakifunguliwa, na pesa yako iendelee kukua. Magari yote mawili yalitengenezwa kwa maelfu mengi, na ukiwa tayari utapata zuri la kuchagua.